Goti Langu na Barua ya Biharamulo

Jina langu lilisomwa mbele ya mkutano wa kijiji kabla mtu yeyote hajaniuliza. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake wenzangu, ungo wa maharage mapajani, mwenyekiti aliposema kwamba kijiji chetu kimepata mtu wa kupeleka kwenye mashindano ya Desemba, na mtu huyo ni mwalimu wa kisomo. Mwalimu wa kisomo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikifundisha watu wazima kusoma na kuandika kwenye kibaraza cha ghala la kijiji, Nyakisasa, wilaya ya Ngara. Maharage yote yalimwagika.

Afisa michezo alikuwa amesimama kando ya mwenyekiti, mtu mrefu mwenye kaptura nyeupe na soksi zilizovutwa hadi magotini. Alieleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia. Mshindani ataingia ziwani Nyamirembe na kuogelea kukata ghuba. Akitoka majini atapanda baiskeli hadi Biharamulo mjini. Akifika kwenye boma la Wajerumani ataacha baiskeli na kukimbia kwa miguu hadi Lusahunga.

"Mtu mmoja?" mzee mmoja aliuliza.

"Mtu mmoja."

"Siku moja?"

"Siku hiyo hiyo, mzee wangu. Wanaume mbio zao, wanawake mbio zao."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mimi sikucheka. Nilijua kwa nini wamenichagua. Shuleni nilikuwa mkimbiaji. Na marehemu baba alikuwa mvushaji wa mtumbwi mto Ruvubu. Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, lori likitusubiri ukingoni na vyombo vyetu vimeshapakiwa, mtumbwi wake ulikata kamba ukaanza kwenda na maji, nami nikajitosa na nguo zangu zote nikaurudisha. Lori zima liliniona. Tangu siku hiyo nilikuwa yule binti anayeogelea.

Baiskeli ndiyo sikuijua. Nilikuwa sijawahi kuikalia hata ikiwa imeegeshwa.

Jioni ile mama aliniwekea ugali, akasema, "Baba yako alivusha watu maisha yake yote, na hakuna aliyemuuliza ametumia muda gani. Nyie mnakwenda majini kupimana muda." Hakunikataza, ila kila alfajiri, nilipoamka kwenda kukimbia, nilikuta uji wa ulezi umeshapikwa na yeye hayupo, ameshaenda shamba.

Aliyenifundisha baiskeli alikuwa bwana mganga. Ndivyo tulivyomwita mhudumu wa zahanati yetu, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa Msubi wa Biharamulo, Mwislamu wa kofia iliyotariziwa, umri wa kunizaa. Miaka ya nyuma alikuwa amezunguka nusu ya mkoa kwa baiskeli akichanja watu ndui, na baiskeli ile ya Kichina, nyeusi, yenye fremu nzito ya kiume, alikuwa nayo bado. Nilikwenda kwake nikiwa na aibu.

"Shikamoo, bwana mganga."

"Marahaba, binti. Nimesikia. Vaa suruali uje."

"Suruali sina."

Akaniazima yake ya kufanyia kazi za shamba. Niliifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Wiki mbili alikimbia nyuma yangu ameshika kiti, akipiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga! Ukiacha kukanyaga unaanguka!" Watu waliacha majembe wakaja kutazama. Siku alipoachia kiti bila kuniambia, nilikwenda mbali mpaka kisimani, kisha nikageuka kumwonyesha, nikaanguka. Hata hivyo nilikuwa nimejua.

Ratiba yangu ikawa hivi. Siku tatu za wiki nilikimbia alfajiri kabla ya kazi za shamba la kijiji. Siku mbili nilipanda baiskeli baada ya darasa, kwenda Rulenge na kurudi. Jumapili, baada ya misa, nilishuka Ruvubu mahali ambapo baba alikuwa na kivuko chake, mahali nilipojua viboko hawapendi kukaa kwa sababu maji yanakwenda kasi. Mwezi wa Agosti mapaja yangu yalikuwa magumu kama mchi. Nilianza kuamini. Wanafunzi wangu, watu wenye wajukuu, waliandika jina langu ubaoni kwa chaki, herufi zimepinda, kunipa moyo.

Nilianguka mwezi wa Septemba, kwenye mteremko wa kutoka Rulenge. Mbuzi wawili walikatiza barabara, nikabana breki, baiskeli ikalala, na goti langu la kulia likapiga jiwe la ukingo wa mtaro. Lilivimba. Bwana mganga akalifunga, uvimbe ukashuka baada ya siku chache, nami nikasema basi, yamekwisha. Nilirudi kukimbia. Wakati mwingine nilisikia kitu kikisogea ndani ya goti, kama punje ndani ya kibuyu, lakini hakikuuma, nami sikumwambia mtu.

Jumapili moja nilikuwa katikati ya Ruvubu. Nilipiga teke, na mguu wa kulia haukurudi. Goti lilikuwa limejikunja nusu na kukwama pale pale. Nilijaribu kulinyoosha, halikunyooka. Nilijaribu kulikunja zaidi, halikukunjika. Maumivu yalipanda mpaka kinenani. Nilikunywa maji. Katika maisha yangu yote mto ule haukuwahi kunitisha, na pale katikati, macho yangu yakiwa sawa na uso wa maji, niliona kwamba kingo zote mbili ziko mbali. Niliogelea kwa mikono peke yake, mguu ukining'inia kama mzigo wa mtu mwingine, maji yakanipeleka chini sana kupita kivuko. Nilipokamata matete nilitapika. Nilikaa kwenye tope nikilishika goti, nikilitingisha, nikilibembeleza, mpaka likalia "ko" likafunguka lenyewe, kana kwamba halikuwahi kukwama.

Jambo hilo ndilo lililonishtua kuliko maumivu. Nilisimama nikatembea mpaka nyumbani bila kuchechemea.

Bwana mganga alilishika goti lile kwa vidole vyake vizito, akalizungusha, akalisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango.

"Kuna kitu kimechanika ndani," alisema. "Au kuna kitu kinaelea. Au si kitu, ni uvimbe wa zamani."

"Ni kipi kati ya hivyo?"

"Sijui."

"Nitashindana?"

"Sijui, binti."

"Nikiendelea, nitakuwa kiwete?"

Alifunga chupa ya spiriti, akaiweka kabatini, akaitoa, akaifuta, akairudisha. "Nimewahi kuona mtu goti lake limefunga likakataa kufunguka tena," alisema. "Nimewahi kuona mwingine amecheza mpira miaka kumi na goti kama hilo. Biharamulo wana mashine ya kupiga picha mifupa. Nitakuandikia. Wakikuambia acha, acha. Wakikuambia endelea, nenda Nyamirembe ukaijaribu njia. Chukua baiskeli."

"Usimwambie mama."

"Mimi huwa simwambii mtu ugonjwa wa mtu."

Nilimdanganya mama kwamba nakwenda kuitazama njia ya mashindano. Mwishoni mwa Oktoba lori lililokuwa likipeleka mahindi lilinichukua, baiskeli imefungwa juu ya magunia. Hospitalini nilikuta foleni ya watu wa kila kabila, Wasubi, Wazinza, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, Wahangaza wenzangu wachache. Nilipewa namba, nikaambiwa fundi wa picha yuko safari, nisubiri. Nilisubiri siku ya kwanza. Siku ya pili fundi alirudi, lakini wenye kuvunjika walitangulizwa, na ni haki. Nililala kwa shangazi yake bwana mganga karibu na soko, nikarudi asubuhi ya tatu, na sasa walikuwa watu wanne tu mbele yangu.

Dirisha la chumba cha wauguzi lilikuwa wazi na redio ilikuwa inalia kwa sauti ndogo. Muziki ulikatika. Muuguzi mmoja akaongeza sauti. Tukasikia sauti ya Rais.

Kwanza sikuelewa. Nilidhani anaeleza jambo la nchi nyingine. Kisha nikasikia anataja mto Kagera, wa mkoa wetu, na kwamba majeshi ya Uganda yameingia, yamechukua ardhi ya kaskazini ya mto, na kwamba tutapigana. Nilitazama watu wa foleni. Wote walikuwa wamesimama, hata waliokuwa wamelala kwenye majani. Mama mmoja wa Kihaya mbele yangu, aliyekuja na mtoto mwenye surua, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amesema Kyaka?" Alinigeukia. "Dada yangu ameolewa kule," alisema, kisha akakaa chini kwenye vumbi mtoto akiwa mgongoni.

Sijui niseme vipi nilivyohisi. Vita nilivijua kwa jina, kwenye vitabu vya historia na kwenye nyimbo za ukombozi tulizowaimbia wenzetu wa kusini. Vilikuwa mali ya watu wa mbali. Na sasa viko mkoani kwetu, na mimi nimeshika kikaratasi chenye namba, nasubiri kupigwa picha ya goti.

Kabla ya saa sita tulisikia malori. Yalipita barabara kuu moja baada ya jingine kuelekea kaskazini, yamejaa askari waliokaa mgongo kwa mgongo, nyuso zimefunikwa vumbi jekundu mpaka huwezi kujua nani mzee nani kijana. Baadhi yalikuwa ya jeshi. Mengine yalikuwa malori ya pamba, mabasi ya abiria yenye mbao za safari bado zimening'inia kiooni. Nililiona hata lile lililonileta. Dereva wake alikuwa yule yule. Magunia hayakuwepo, na hakunipungia mkono.

Daktari alitoka mlangoni akiwa ameshika faili. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani.

"Wagonjwa wanaoweza kutembea," alisema, "naomba mnisamehe. Filamu za picha zilizobaki ni chache. Tumeagizwa tuziweke kwa ajili ya majeruhi. Na vitanda pia."

Alinifikia mwisho. Aliligusa goti nikiwa nimesimama, kwenye baraza, kwa muda usiozidi wa kumeza mate.

"Huenda ni kitu, huenda si kitu," alisema. "Bila picha nitakuwa nabahatisha. Ukiweza kulipumzisha, lipumzishe."

"Daktari, kwetu ni Ngara. Mabasi yamechukuliwa. Nitarudi kwa baiskeli."

Alinitazama, akatazama goti, akatazama baiskeli iliyoegemea ukuta. Badala ya kunikataza aliuliza, "Ngara sehemu gani?"

"Nyakisasa."

Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki yenye mhuri. "Mpe mhudumu wa zahanati ya huko. Mkononi mwake. Usimpe mtu mwingine."

Niliiweka kifuani, ndani ya blauzi, nikaondoka.

Siku ya kwanza niliendesha mpaka Lusahunga na kupita, nikikanyaga zaidi kwa mguu wa kushoto. Ilikuwa njia ile ile ambayo nilipaswa kuikimbia Desemba. Kila nilipoona vumbi mbele niliingia msituni na baiskeli mpaka malori yapite. Jioni familia ya Wasukuma waliohamia karibu na Nyakahura walinipokea, wakanipa maziwa mgando na michembe, viazi vitamu vile vilivyokaushwa. Mama mwenye nyumba alikuwa na watoto wawili wa kiume mgambo. Aliniuliza maswali mengi kuhusu malori, na kila nilipojibu alisema "Yaani!" kisha akauliza tena swali lile lile.

Asubuhi nikashika barabara ya Rulenge. Sikwenda mbali. Kwenye kilima cha kwanza goti likafunga.

Safari hii sikutapika. Nilishuka, nikaanza kuikokota baiskeli, mguu umepinda, kidole gumba tu kikigusa ardhi. Nilijitegemeza kwenye usukani kama mkongojo. Ndivyo nilivyofika kwenye gogo lililolazwa katikati ya barabara, na nyuma ya gogo wakatoka mgambo watano, wawili wana bunduki, watatu wana marungu.

"Simama! Unatoka wapi?"

"Biharamulo. Nakwenda Nyakisasa."

"Peke yako? Mwanamke na baiskeli ya kiume?"

Niliona walivyokuwa wanaogopa. Mtu mwenye hofu na bunduki hutisha kuliko mtu mwenye hasira. Mmoja aliona ncha ya bahasha kwenye shingo ya blauzi, akaichomoa mwenyewe.

"Hii balua umeiba wapi?"

"Sikuiba. Nimepewa hospitalini, ni ya mhudumu wa zahanati yetu."

Aliigeuzageuza. Alikuwa ameishika juu chini, na mimi, Mungu anisamehe, katika hatari ile yote mkono wangu ulitaka kwenda kumgeuzia, kama ninavyofanya darasani.

"Na baiskeli?"

"Nafanya mazoezi ya mashindano."

Sikupaswa kusema vile. Walitazamana. "Mashindano," alisema mwenye bunduki taratibu. "Nchi inapigana, yeye yuko kwenye mashindano. Jasusi huyu. Piga magoti!"

Nilishusha goti la kushoto.

"Yote mawili!"

"La kulia limekwama, kaka yangu. Ni gonjwa."

"Nimesema yote mawili!"

Alikuja nyuma yangu, akanishika mabega, akanikandamiza chini kwa uzito wake wote. Goti lilitoa mlio ambao kila mtu aliusikia, kama kuni kavu inayovunjwa. Nilipiga yowe. Nilijua kwamba mguu umevunjika, kwamba sitatembea tena, kwamba nitafia hapo barabarani na barua ya watu.

Yule mgambo aliruka nyuma mikono juu. "Sijampiga!" alipiga kelele kwa wenzake. "Nyie mmeona, sijampiga huyu! Nimemshika tu!"

Nilibaki chini, pumzi imekatika. Kisha nikahisi kwamba maumivu yanaondoka, kwa haraka, kama maji yanavyoingia mchangani. Nilinyoosha mguu. Ulinyooka. Nikaukunja. Ulikunjika. Nikausimamia. Wote watano walikuwa wananitazama midomo wazi, na mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, siwezi kujizuia.

"Limefunguka," niliwaambia. "Lilikuwa limefunga. Umelifungua."

Mkubwa wao, mtu wa makamo ambaye hakuwa amesema neno, aliniuliza kwa Kihangaza mimi ni wa ukoo gani. Nikamtajia baba. "Mvushaji wa Ruvubu?" alisema. Alichukua bahasha, akaigeuza upande wake, akausoma mhuri, akanirudishia. "Hii ni ya serikali, hatuifungui. Nenda, mwanangu. Na hayo mashindano usiyataje tena njiani."

Nilifika Nyakisasa jua likielekea kuzama. Bwana mganga alikuwa anafunga dirisha la zahanati. Alinitazama miguu kabla ya uso.

"Goti?"

Nilimweleza yote nimesimama, picha niliyoikosa, malori, gogo, mgambo. Nilipofika kwenye sehemu ya kupigishwa magoti alinikatiza. "Lilisema ko? Likafunguka mara moja?" Alifurahi kama mtoto. "Basi kinaelea! Ndani kuna kitu kinaelea, binti. Hakijachanika. Nilidhani hivyo, nilidhani hivyo tangu mwanzo."

Ndipo nikampa bahasha.

Aliifungua kwa kisu kidogo cha kukatia bandeji. Alisoma, akasoma tena, kisha akanipa. "Nisomee," alisema. "Wewe ndiye mwalimu."

Nilisoma kwa sauti. Barua ilimwamuru kufunga zahanati, kuchukua vifaa vyake vyote vya kutibu majeraha, na kuripoti Biharamulo mara moja kwa ajili ya kwenda mstari wa mbele. Chini kulikuwa na sahihi na mhuri.

"Umeibeba hii kifuani njia nzima," alisema.

"Sikujua."

"Ungejuaje? Si yako."

"Ningejua, ningeitupa msituni."

"Usiseme hivyo." Alisema kwa ukali, mara ya kwanza kunisemesha kwa ukali. Kisha akaanza kuteremsha chupa kabatini, moja moja, akizifunga kwenye vipande vya magazeti. Nilimsaidia. Asubuhi alipakia kasha la mbao nyuma ya baiskeli, akaibana suruali yake kwa vibanio viwili vya nguo, akaagana na watu wa kijiji kwa kuwashika mkono mmoja mmoja. Mimi alinishika wa mwisho.

Mashindano yalikufa bila kutangazwa. Afisa michezo alikuja mwezi Desemba, nikadhani amekuja kutuambia, kumbe amekuja kufundisha mgambo. Alikuwa amevaa kaki na ndevu zimemwota. Aliniona akasema tu, "Wewe una pumzi. Utawaongoza wanawake kwenye mbio." Basi nikawa nakimbia tena kila asubuhi, sasa na kundi la wanawake nyuma yangu wamebeba miti badala ya bunduki, tukiimba. Siku ya nne goti likafunga mbele ya watu wote. Nilianguka kifudifudi kwenye uwanja wa mkutano.

Mama alikuwa pembeni na wanawake waliokuwa wakikusanya mahindi ya kupeleka kwa askari. Alikuja, akapiga magoti, akashika mguu wangu kama aliyekwisha kuushika mara nyingi, akautingisha polepole kushoto na kulia mpaka ukafunguka.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Miezi mitatu unalala chumba cha pili, ukilishikashika usingizini. Mimi ni kipofu?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri wewe useme." Kisha akainuka, akaanza kulia kwa hasira, mbele ya kijiji kizima. "Ulikwenda Biharamulo na mguu huu! Ukarudi na mguu huu, katikati ya vita! Ungefia porini nami nikijua umekwenda kutazama njia!" Sikuwahi kumwona mama akilia mbele za watu, hata siku tulipomzika baba. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo sikukimbia tena. Kilichokuwa ndani ya goti kilikuja kuonekana miaka mingi baadaye, nilipokuwa mama wa watoto watatu: kipande cha mfupa kilichomeguka. Kilitolewa, na mpasuaji alinionyesha kwenye kisahani. Kilikuwa kidogo mno, nikaona haya.

Bwana mganga alirudi mwaka uliofuata, vita vimekwisha. Tulikuwa tumeshasikia kwamba yu hai. Alishuka kwenye lori akiwa na miguu yote na mikono yote, amekonda, na kijiji kilimpokea kwa vigelegele na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ambayo yeye hakunywa. Alifungua zahanati, akafagia, akapanga chupa. Nilimwacha apumzike wiki moja. Kisha nikaenda, na kwa kweli nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona, goti lilikuwa kisingizio.

"Shikamoo, bwana mganga."

"Marahaba. Kaa. Bado linafunga?"

"Linafunga."

Nilikaa kwenye benchi, nikanyoosha mguu. Aliinama, akauweka mkono wake juu ya goti. Nilisubiri vile vidole vianze kuzungusha. Badala yake mkono ulianza kutetemeka. Kwanza kidogo, nikadhani ni mimi. Kisha ukatetemeka mpaka benchi likatetemeka. Alijaribu kuushika kwa mkono wa pili, na wa pili ukatetemeka pia. Nilimtazama usoni. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anautazama mguu wangu, na sijawahi kuona macho kama yale.

"Bwana mganga," niliita.

Aliondoa mikono. Aliificha kwapani, kama mtu mwenye baridi.

"Nenda Biharamulo," alisema. "Mimi siwezi tena kushika mguu wa mtu."

Nilirudisha mguu chini. Nilikuwa nimezoea kumwona akishona majeraha ya mapanga, akizalisha, akitoa risasi ya gobori pajani kwa mwindaji, na kofia yake haikuwahi kukaa upande. Sasa alikuwa amesimama kwenye kona ya chumba chake mwenyewe, anangoja niondoke.

Mwezi huo huo aliandika barua ya kuacha kazi. Kijiji kilimpa shamba upande wa bondeni, na mkewe akaja kutoka Biharamulo akaishi naye. Watu walimlaumu. Walisema wengine wamerudi bila mguu na wanafanya kazi. Mimi sikuweza kusema neno, kwa kuwa mkono ule ulikuwa umenigusa mimi.

Jumamosi moja nilishuka bondeni na jembe. Alikuwa anapalilia maharage. Mikono yake kwenye mpini wa jembe ilikuwa imetulia kabisa. Alinisalimu, akanionyesha mstari wa kuanzia, nami nikaanza upande wangu. Tulipalilia mpaka jua likawa kali, tukala viazi alivyoleta mkewe, tukapalilia tena. Hakuniambia aliyoyaona, na mimi sikumuuliza.